Magunia Mawili kwa Ekari: Maisha ya Mwalimu Nelius Wambeti Marete (1952–2018)

Yameandikwa na familia. Yanasomwa na mdogo wake, Nthiga Kithaka, nyumbani kwa marehemu, Ruiri, tarehe 11 Mei 2018.

Nelius Wambeti alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 karibu na Runyenjes, mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mzee Kithaka na mama Marcella, ambao wote wamemtangulia kwa Bwana. Alikuwa mtoto mbishi. Tunalisema hili mapema ili kila aliyeketi hapa ajue amekuja kumzika nani. Mama alikuwa akilalamika kwa majirani, "Huyu wangu nikimwambia jua limetoka, lazima aende nje aangalie kwanza." Majirani walicheka. Mama hakucheka sana, maana kazi ya kuchuma kahawa ilikuwa inamngoja.

Alisoma shule ya msingi hapo nyumbani, kisha akaitwa shule ya upili ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1970 na cha sita mwaka 1972. Baba aliuza ndama wawili ili aende chuo cha kilimo, na watu wakamwambia mzee amerukwa na akili, kumsomesha msichana kuhusu mahindi ambayo anaweza kuyalima bila kusomeshwa. Ndama wakaenda vilevile. Mwaka 1975 Wambeti alirudi na stashahada. Huko chuoni ndiko alikojifunza somo lililompa kazi na baadaye likamfukuzisha kazi: jinsi ya kujua wastani wa watu wengi kwa kupima wachache. Somo lenyewe lina sehemu mbili. Kwanza, hao wachache uwachague kwa kura, si kwa macho. Pili, ukishapata wastani, useme pia unaweza kuwa umekosea kwa kiasi gani. Wengi hushika ya kwanza wakaruka ya pili. Yeye hakuruka.

Ndoa yake nayo ilipitia kipimo hichohicho. Bwana Marete, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka hapa Ruiri, alimwona kanisani Runyenjes alipokuwa amemtembelea rafiki, akarudi, akarudi tena, kisha akatangaza nia. Wambeti akamwambia, "Umeniona mara nne, na zote ni Jumapili nikiwa nimevaa vizuri. Hiyo haitoshi. Njoo siku ya kazi." Shemeji yetu akaja siku ya kazi. Akamkuta na gambuti hadi magotini, amejaa matope, anamfukuza mbuzi aliyeingia kwenye sukumawiki, na maneno aliyokuwa akimwambia yule mbuzi hatuwezi kuyasoma mbele ya mchungaji. Marete akasema bado anamtaka. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1978 na Mungu akawajalia watoto watatu: Kanana, Koome na Karwirwa.

Sasa tunafika kwenye kazi. Kamati ya mazishi, kwa nia njema kabisa, ilituomba tuandike kwamba "aliacha kazi". Hapana. Wambeti hakuacha kazi. Alifukuzwa, na alituagiza kwa kinywa chake tuandike alifukuzwa, na sababu yake tuiandike.

Mwaka 1979 aliajiriwa na mradi mmoja wa nafaka uliohudumia nyanda za chini, upande wa Mbeere. Mradi huo ulishakufa. Mkubwa wake tutamwita Meneja tu, kwa kuwa wajukuu zake hawana kosa. Kazi ya Wambeti ilikuwa kukadiria mavuno ya mahindi: aende shambani, apime kipande kwa kamba, avune kilichomo, apime uzito, kisha apige hesabu ya gunia ngapi kwa ekari. Kukitokea njaa, hesabu hiyo ndiyo ilikuwa ikiamua chakula cha msaada kipelekwe wapi.

Mvua ya masika ya 1984 ilikataa. Lokesheni aliyopewa, eneo la chifu mmoja, ilikuwa na familia zaidi ya elfu mbili, na petroli ya mradi ilitosha mashamba tisa. Tisa! Mtu mwingine angepima yale ya kando ya barabara akarudi nyumbani mapema. Wambeti aliandika majina ya familia zote kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya kiondo, akavichanganya, akafumba macho, akatoa tisa. Mashamba mengine yalikuwa ng'ambo ya mto ambako gari halipiti. Dereva alikataa, yeye akavua viatu akavuka.

Na shida ilikuwa pia kwa wenyeji, wala hawakuwa na ubaya. Alipofika kwa mama mmoja aliyeitwa Mbaka, mama huyo alimpokea kwa uji, kisha akamshika mkono ampeleke pembeni kabisa ya shamba, chini karibu na kijito, ambako mabua machache yalikuwa bado ya kijani.

"Pima hapa, mwanangu."

"Mama, hapa sipimi. Kwa kanuni, kamba inaangukia pale kati."

"Pale pamekauka! Mgeni nimwonyeshe pale, kwani wewe ni adui yangu?"

Ni heshima ya kwetu hiyo. Mgeni hupewa kilicho bora. Kila boma lilimvutia kwenye kona yake nzuri, na kila mara Wambeti alilazimika kuomba radhi na kurudi katikati ya vumbi. Mama Mbaka alikasirika hata akamnyima uji wa pili. Kamba ikaanguka pale kati. Kutoka pale hakupata hata gunzi moja lenye punje.

Mashamba mawili yalitoa sifuri. Moja, la mtu aliyekuwa na maji, lilitoa magunia sita. Mengine yalikuwa hapo katikati. Wastani wa yote tisa ukawa magunia mawili kwa ekari, na Wambeti akaandika chini yake: kwa kuwa ni mashamba tisa tu, na yametofautiana sana, wastani wa kweli wa lokesheni nzima unaweza kuwa popote kati ya nusu gunia na magunia matatu na nusu.

Meneja alisoma akaruka kitini. Mazungumzo hayo alitusimulia mara nyingi kiasi kwamba hata wajukuu wanayajua.

"Madam, familia elfu mbili, na wewe unaniletea tisa?"

"Ni chache, mzee. Ndiyo sababu sikukuletea nambari moja."

"Nusu hadi tatu na nusu! Wakubwa wakisoma hivi watasema hatujui kazi."

"Watajua tunachojua na tusichokijua. Lakini mzee, angalia mwisho wa juu. Familia ya kule hulima kama ekari moja, nayo inahitaji magunia manne ifike mvua nyingine. Hata nikiwa nimekosea kwa upande wa heri, ni tatu na nusu. Hawafiki."

Hapo ndipo penye uzito wa maneno haya yote, ndugu zangu, na tunaomba vijana wasikie. Tisa ni chache, na Wambeti ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ni chache. Lakini uchache ule aliutia ndani ya hesabu, akaunyoosha mstari ule wa kutoka nusu gunia hadi tatu na nusu mpaka mwisho wake, na bado mwisho wenyewe ulisema njaa. Alikuwa amekubali kwamba katika kila mara ishirini mstari kama huo unaweza kuukosa ukweli mara moja. Alisema hatari ya mara moja hiyo ni afadhali kuliko kukaa kimya.

Meneja, ambaye alikuwa ameshawaambia wafadhili kwamba mbegu za mradi zimeshinda ukame, alitoa dawa yake. Sifuri mbili ziondolewe, eti wale hawakulima vizuri. Mahali pake yatiwe mashamba matatu ya kando ya mfereji wa mradi, yaliyokuwa yamestawi vizuri sana. Ukifanya hivyo wastani unapanda hadi magunia manne na nusu, chakula kinatosha, na hakuna lori linalotumwa.

Wambeti akasema, "Hizo sifuri zina watoto, mzee."

Akaambiwa atie sahihi. Akakataa. Tarehe 20 Agosti 1984 alipewa barua iliyosema hana uwezo wa kazi ya takwimu. Yeye! Akina Kanana walikuwa wadogo, mumewe alikuwa anapoteza ng'ombe kwa ukame uleule, na watu wazima na akili zao walimjia hapa nyumbani kumwambia akaombe msamaha. Ukoo mzima, na sisi ndugu zake tukiwemo, ulimwona amejiharibia. Akatusikiliza, akatupa chai, akasema, "Mimi nikiomba msamaha, wao watakula nini?"

Kesho yake alipanda gari akaenda kwa viongozi wa makanisa ya kule chini na hesabu yake mkononi. Mchungaji mmoja alimwuliza, "Dada, una hakika?" Akajibu, "Sina hakika. Nina mipaka, na ndani ya mipaka hiyo hakuna mahali watu wameshiba." Walimwamini. Mwezi Septemba parokia za juu, za Runyenjes na za huku Meru, zilianza kuteremsha mahindi na maharagwe. Lori la mradi lilifika Novemba. Hakuna aliyesema pole.

Mwaka 1986 Meneja alimtuma mtu. Wambeti angerudishwa kazini kama angeandika kwamba sampuli yake ilikuwa na upungufu. Akamjibu mjumbe, "Mwambie yangu ilikuwa ndogo, na niliandika ni ndogo. Yenye upungufu ilikuwa yake." Hakurudi. Alifundisha hesabu katika shule ya upili hapa karibu hadi alipostaafu mwaka 2012, na wanafunzi wake waliopo watakubali kwamba jibu lisilo na maelezo alilikata kwa kalamu nyekundu hata likiwa sahihi.

Mwaka 2015 alianza kuugua presha, kisha figo. Ugonjwa haukumlainisha. Muuguzi alipompima mara moja akaanza kuandika, alimshika mkono: "Sista, nimetoka kupanda ngazi. Keti, tupige hadithi kidogo, halafu upime tena na tena." Muuguzi akaketi. Yuko hapa leo. Mwezi Aprili mwaka huu hali ilizidi, na asubuhi ya tarehe 3 Mei 2018, mumewe akiwa amemshika mkono, aliaga dunia hospitalini mjini Meru akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Tunaumia. Hatutajifanya hatuumii.

Ameacha mume, mzee Marete. Watoto watatu, Kanana, Koome na Karwirwa. Wakwe, wajukuu saba, na ndugu zake wanne tuliobaki, na sisi ndugu tunatamka hadharani kwamba mwaka ule tulikosea na yeye alikuwa sawa. Ameacha pia watu wa kule Mbeere walioishi kuiona mvua iliyofuata. Kamati ilitaka tuandike ni maelfu. Tumekataa, kwa sababu hakuna aliyewahesabu, na Wambeti hangeruhusu tukisie tu. Waliofika wenyewe asubuhi hii tunawaomba wasimame, wao na watoto wao, wasimame mpaka tumalize kumteremsha.

Apumzike kwa amani, Nelius Wambeti wetu. Huko aliko hakuna atakayemwambia abadilishe hesabu.