Kiti cha Chumba Namba Saba

Waombolezaji wapendwa, maisha ya mama huyu yameandikwa na mumewe, naye ameomba yasomwe yote, pamoja na sehemu ambayo mawifi wa marehemu walitaka iondolewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya sita, baba fundi cherehani na mama mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, akamaliza sekondari 1988, na mwaka 1992 akahitimu shahada ya saikolojia, na baba yake akawatangazia majirani kwamba binti ni daktari, akang'ang'ania hivyo mpaka anaingia kaburini, binti akachoka kumsahihisha.

Tarehe 4 Januari 1993 aliajiriwa hospitali ya mkoa, akapewa chumba namba saba, chenye viti viwili na saa ya ukutani, na mwaka uliofuata chumba namba nane kikapata daktari wa magonjwa ya akili, ndiye huyu mumewe. Wagonjwa walikosea milango kila siku. Waliotaka vidonge waliingia namba saba, wakaambiwa kwamba mama huyu hata panadol haruhusiwi kuandika, kazi yake ni kupima tabia na mawazo, na kukaa na mtu dakika hamsini. Waliotaka kuzungumza waliingia namba nane, wakatoka baada ya dakika kumi na karatasi ya dawa mkononi, maana yule alisomea kwanza udaktari wa mwili mzima, ndipo akasomea akili, na foleni yake ilifika getini. Wauguzi wakawabatiza Mama Maneno na Baba Vidonge, nao wakaoana tarehe 12 Agosti 1995, wakajaliwa watoto wawili, wa kike mwalimu na wa kiume fundi umeme, waliokua wakisikia utani huo mezani hadi wakauchoka.

Februari 2022 marehemu alifiwa na mama yake, na kuanzia Aprili akawa anaumwa kichwa, anasahau majina ya wagonjwa wake, anawaka kwa jambo dogo. Mwenyewe aliyaita majonzi, akayashughulikia kwa namna ya chumba namba saba, akawa anakwenda kuzungumza na mwanasaikolojia mwenzake kila Alhamisi. Mumewe aliyaita sonona, akayashughulikia kwa namna ya chumba namba nane, akaandika vidonge, na baada ya miezi mitatu akaongeza dozi. Miezi sita ilipita hivyo. Tarehe 3 Oktoba mama anayefagia korido alimwambia daktari kwamba mkewe hugonga bega la kushoto kwenye mlango kila anapoingia, labda upande huo haoni, na kipimo cha kichwa kilichofanywa siku iyo hiyo kilionyesha uvimbe kwenye ubongo, mkubwa kama limau.

Hapa ndipo mawifi walipotaka pakatwe. Kati ya Mama Maneno na Baba Vidonge, ni mmoja tu aliyeruhusiwa kusaini fomu ya kipimo hicho, na huyo alikula na marehemu meza moja miezi yote sita.

Alipasuliwa tarehe 20 Oktoba, lakini uvimbe ukarudi. Tarehe 11 Januari 2023, wodini, mumewe alimweleza kosa lake akiwa amesimama, kama alivyozoea kusimama kwenye vitanda vya wagonjwa, na marehemu, ambaye maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida, akamwambia, "Keti. Una dakika hamsini." Akamsikiliza zote, hakumkatiza, kisha akalala. Alifariki tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi. Tangu hapo mumewe hajalia, hasikii uchungu wala njaa, hali hiyo anajua jina lake na dawa yake, na dawa hajajiandikia.

Familia inawashukuru madaktari wa upasuaji, wauguzi wa wodi, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, wafanyakazi wenzake, na kwa namna ya pekee mama wa korido, ambaye tunamwomba asimame aonekane.

Pumzika kwa amani, Mama Maneno. Kiti chako kimoja kimehamishiwa chumba namba nane, na kuanzia Jumatatu daktari atakikalia.