Mzee Algot na Mwanamke Asiyekaa

Wasikilizaji wapendwa, epueni kahawa kwanza. Mzee Algot Vestin wa Kvarnsele amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Narudia kwa waliokuwa wakiepua kahawa: Algot Vestin, sabini na tisa.

Alikuwa kiongozi wa wawindaji wetu, na bingwa wa kukaa. Katika msako wa kulungu wakubwa kila mtu hupewa kisiki chake, akakaa kimya akivizia mpaka pembe ya kumaliza msako ipulizwe. Mzee Algot alikaa saa sita bila kukohoa. Dada yake, Bi Ragnhild, anaapa kwamba ndege aliwahi kutua kofiani mwake, "akaanza kuleta vijiti."

Kisha akampenda Hjördis Moberg, mpeleka barua, asiyeweza kumaliza kikombe akiwa ameketi. Oktoba ya mwaka 1981 Hjördis alijiunga na msako ili awe karibu naye. Alidumu kisikini dakika kumi na moja. Dakika kumi na moja, wasikilizaji. Akainuka, akakatiza msitu kumpelekea Algot kahawa. Kulungu akatimua mbio.

"Mfukuze huyo!" wanaume wakafoka.

Algot akamaliza kikombe. "Simfukuzi. Mpeni mbwa."

Tangu hapo Hjördis alitembea na mbwa akiwaswaga wanyama kuelekea kwa wawindaji, na Algot akakaa. Kila msimu alimuuliza, "Utahamia kwangu lini?"

"Usinibane, Algot. Labda theluji ikiyeyuka."

Theluji ikayeyuka mara arobaini na mbili. Hjördis alibaki ng'ambo ya ziwa, akija na kuondoka, akija na kuondoka.

Juzi Bi Ragnhild aliketi kuandika tangazo la msiba la gazetini, lile linalopanga majina ya wafiwa kuanzia wa karibu kabisa. Yaliyofuata ametusimulia mwenyewe. Bi Hjördis alikuwa akizunguka jikoni mwa marehemu, anafungua makabati na kuyafunga.

"Niweke mwisho, pamoja na majirani. Sikuwahi kumwambia ndiyo."

"Tulia, wifi."

"Mimi si wifi yako. Hata mswaki wangu haujalala huku."

"Miaka arobaini na mbili unanimalizia viazi! Wewe nani basi, mtalii?"

Bi Hjördis akashika kitasa cha mlango. Hakutoka. "Ragnhild, amekufa akidhani nilimkataa?"

"Nilimuuliza mwezi uliopita. Akasema kama ungehamia, angekukosa. Raha yake ilikuwa kukusikia ukija."

Bi Hjördis akarudi mezani, akachukua kalamu, akaandika jina lake juu kabisa, akiwa wima.

Rambirambi zetu ziende kwa Bi Hjördis Moberg, kisha kwa Bi Ragnhild, kisha kwa wawindaji wote. Nawe unayesikiliza, tafakari leo ni nani huinua kichwa akisikia hatua zako, na kama umewahi kumuuliza.

Tangazo litatoka Ijumaa. Mtu akiwauliza kama mpangilio wa majina umekosewa, mwambieni haukukosewa.