Kila Alipoanza Kueleza, Nilitoka

Wamama na wapapa, najua mahubiri ya leo yalikuwa marefu na wengine wenu muliacha maharagwe kwenye moto. Sitawachelewesha. Nimesimama hapa sababu Mungu ameniponya ugonjwa wa wivu. Ameniponya nusu. Ile nusu ingine nitaieleza pia, sipendi kudanganya mbele ya madhabahu.

Mutu mwenyewe simutaji jina. Na ninyi waimbaji wa benchi la koro, muache kugeuka-geuka.

Munanijua, mimi ni mwalimu wa kemia. Watoto walipokua nilirudi chuoni, hapa Ibanda, nimalize masomo niliyokatisha wakati wa kuolewa. Kazi niliyopewa ilikuwa hii. Tunachukua maganda ya ndizi, tunayapika na maji ndani ya chungu cha chuma chenye kufungwa kabisa, mpaka yatoke maji ya rangi ya chai. Ndani ya maji hayo muko chembe za kaboni, ndogo sana, jicho haliwezi kuziona. Ukimulika na lampi ya wale wanaobadilisha dola, ile wanayotafutia noti za uongo, maji yanang'aa bluu. Ndugu zangu, nawaambia, ni mazuri mpaka unasahau ni maganda.

Sasa, chembe hizo kwenye ngozi yake ziko na kama mikono, ya kushika metali. Ukitia maji yenye zebaki, ile merkiri ya wachimba dhahabu wa Mwenga, mikono inaishika na mwangaza unazimika. Hapo unajua: maji haya musinywe. Nina dada kule, anachota mutoni. Ndiyo sababu kazi ile niliipenda kweli.

Lakini yangu haikuzimika. Natia zebaki, inang'aa. Naongeza, inang'aa tu, inanicheka.

Na meza ya pembeni yangu alikuwa musichana mumoja, mutoto wa kule Mudaka. Mimi mwenyewe nilimufundisha sekondari. Kazi ile ile, maganda yale yale. Yake inazimika mara moja, kama mutu amepuliza mushumaa. Niliona wivu ya maji yake. Kisha wivu ya viatu yake, na ya kicheko chake, mpaka wivu ya namna shefu wa labo, mukubwa wa maabara yetu, alikuwa anatamka jina lake, polepole, kama anaonja asali. Nyumbani nilikuwa nasonga ugali kwa hasira, bwana yangu ananiuliza ule ugali umenikosea nini.

Nilimuchunguza yote. Nilienda Kadutu kununua ndizi kwa yule mama anayemuuziaka. Nilitafuta chungu kama chake. Nilifunga na kuomba humu humu ndani, na sikuomba Mungu anisaidie, niliomba maji ya yule mutoto yakatae kuzimika. Musinitazame hivyo. Wengine wenu muliomba mabaya kuliko hayo.

Na kila Ijumaa, wakati wa kuelezana kazi, yeye akisimama tu, simu yangu inalia. Haikuwa inalia. Naiweka kwenye sikio, natoka, nasimama koridori, nasoma matangazo ya zamani kwenye ukuta mpaka amalize. Nilikuwa najiambia: mutoto niliyemufundisha mimi, anifundishe nini?

Shefu akaniita. Akaniambia kwa upole, na ule upole ndio uliniumiza, kwamba kama mpaka mwisho wa muhula mwangaza hauzimiki, nafasi yangu atapewa mwingine. Nilishuka ngazi nikijua masomo yangu yamekwisha mara ya pili.

Siku moja wakaja wageni kuona labo. Shefu akamuchagua nani kueleza? Munajua. Sasa, rido, lile pazia la dirisha, ilikuwa imekatika, na lampi inataka giza. Shefu akaniomba mimi niishike. Basi nikasimama dirishani, mikono juu, nimeshika rido. Nikitoka, jua linaingia, kazi ya kila mutu inaharibika. Kwa mara ya kwanza nikamusikiliza.

Akaeleza kwamba maji ya kutafutia metali tunayawekaka asidi, ili metali isinate kwenye chupa. Ni kweli, sote tulifundishwa hivyo, na yeye nilimufundisha mimi. Lakini asidi ikiwa nyingi, akasema, inawahi ile mikono ya kaboni, inaijaza. Zebaki ikifika inakuta mikono imejaa, haina pa kushikwa. Kwa hiyo, kabla ya kuchanganya, yeye anatia bikarbonati kidogo, ile munayotia kwenye sombe ili majani yaive upesi, mpaka ukali wa asidi uishe.

Chupa zangu zote nilikuwa nimezijaza asidi, kwa usafi na kwa majivuno. Nikageuka kutazama chupa zangu, rido ikaachia, jua likaingia, shefu akanitazama vibaya.

Wageni walipotoka nilibaki na rido yangu, nikaifunga na kamba. Nikatia bikarbonati, nikapima ukali wake, nikatia zebaki, nikawasha lampi. Giza. Nililia kwa furaha mbele ya chupa nyeusi. Yule musichana akaingia kuchukua koti yake, akanikuta.

Nikamuambia, "Nilikuwa nakuonea wivu. Ndiyo maana nilikuwa natokaka."

Akasema, "Mwalimu, nilijua. Ndiyo maana kila Ijumaa nilikuwa naongeza sauti, ili usikie kule koridori."

Na kweli, ndugu zangu, ile sauti nilikuwa naisikia. Nilikuwa nasema moyoni: ona vile anajivuna, anapiga kelele ili jengo lote limujue.

Nilimaliza kazi yangu. Namushukuru shefu aliyekosa pesa ya kutengeneza rido. Namushukuru bwana yangu, aliyekula ndizi mpaka akachoka ili nipate maganda. Na namushukuru huyo nisiyemutaja.

Ile nusu ingine ni hii: amepata nafasi ya kwenda kusoma mbali, na niliposikia, nilirudi kusonga ugali kwa hasira. Wivu iko bado. Sikuja kuwaambia muiue, mimi mwenyewe sijaweza. Nawaambia tu, ikikushika, kaa mahali uliketi na usikilize. Mwezi ujao anaeleza kazi yake ya mwisho mbele ya watu wote. Nitafika mapema, nipate kiti cha mbele.