Chupa za Celestin

CECILIA: Haloo? Maabara ya maji hapa, nani anaongea?

NGUSA: Haloo! Ni Ngusa, dada Cecilia. Napiga toka Posta ya Mpanda.

CECILIA: Ngusa yule fundi wa pampu?

NGUSA: Fundi sanifu wa maji.

CECILIA: Samahani, fundi sanifu. Habari za huko?

NGUSA: Nzuri tu. Nasikia nyie wa Dar mnampigia mwenzangu Celestin makofi.

CECILIA: Amestahili. Maji aliyoleta ya kisima cha Inyonga, tumeyatia kwenye seli zetu za kupimia, zimeota mara nne ya kawaida. Maana yake yana kemikali inayoiga homoni ya kike. Wanampeleka Uholanzi kusoma miezi sita.

NGUSA: Uholanzi! Huyo aliyemkimbia chura bwawani?

CECILIA: (anacheka) Wivu huo, kaka.

NGUSA: Wivu wa nini? Naulizia sampuli zangu. Kisima hichohicho, nilituma kabla yake.

CECILIA: Ziko stoo. Mkuu alisema maabara haipokei chupa za bia.

NGUSA: Nilizichemsha, nikazisuuza kwa spiriti! Ni kioo, dada, kioo hakitoi kitu. Za mwenzangu zilikuwa za nini?

CECILIA: Zilikuwa mpya, safi, za—



NGUSA: Haloo? Laini inakwaruza. Za nini?

CECILIA: Za plastiki.

NGUSA: Ahaa! Na zimekaa siku sita njiani, treni ilikwama Tabora, jua kali—

CECILIA: Ngoja. Plastiki nyingine hutoa kemikali za aina hiyohiyo. Seli haziwezi kujua imetoka kisimani au kwenye chupa. Na hakuleta chupa ya kulinganisha, ya plastiki ileile yenye maji safi. Na mimi sikuidai.

NGUSA: Basi Uholanzi ndo basi!

CECILIA: Wewe siku sita umezijuaje?

NGUSA: Ya treni nilisikia hapa mjini. Mwenyewe nilimsindikiza stesheni.

CECILIA: Ukaziona chupa.

NGUSA: Dada—

CECILIA: Ukanyamaza.

NGUSA: Aliniita fundi bomba mbele ya mkurugenzi! Nikasema aende tu, nyie wasomi mtamrudisha na aibu yake. Ningejuaje kama mtamsifia?

CECILIA: Kisima kimefungwa?

NGUSA: Wiki ya tatu hii. Mkono wa pampu niling'oa mimi, kwa barua yenu.

CECILIA: Watu wanachota wapi?

NGUSA: Mtoni. Chini ya mashamba ya tumbaku, pale wanapooshea mabomba ya kunyunyizia dawa.

CECILIA: Wachemshe basi—

NGUSA: Kuchemsha hakuondoi dawa, unajua.

CECILIA: Najua. Shemeji yuko hapo Mpanda?

[laini inakwaruza]

CECILIA: Ngusa?

NGUSA: Lucia yuko kwa mama yake. Inyonga. Mimba ya miezi mitano.

CECILIA: Mungu wangu.

NGUSA: Nimemtumia ujumbe arudi. Anasema mama mgonjwa, hawezi kumwacha.

CECILIA: Nazitoa sampuli zako stoo leo. Majibu siku nne. Lakini mkuu atataka maandishi.

NGUSA: Andika umegundua wewe.

CECILIA: Kosa langu nitaliandika. La kwako je? Ulijua lini?

NGUSA: Dada wa Posta ananionyesha, imebaki dakika moja—

CECILIA: Lini, Ngusa?

NGUSA: Tarehe tisa Julai. Andika sanduku la chupa nilimfungia kamba mwenyewe. Nilikuwa nacheka moyoni. Hilo usiandike.

CECILIA: Nenda kamchukue mkeo.

NGUSA: Na wake za wenzangu atawachukua nani? Kuna lori hapa nje linakwenda Inyonga. Napanda na mkono wa pampu.

CECILIA: Subiri majibu! Hatujui bado kama kisima ni safi!

NGUSA: Mto tunaujua, dada. Kwaheri, lori linawashwa—

CECILIA: Ngusa? Haloo?