Maji ya Saadi Yanapoonjwa

Benchi la Awadhi muuza kahawa lilikaa nje ya soko la Nachingwea, pale magari ya kampuni ya karanga yalipopunguza mwendo na kuwamwagia watu vumbi. Wenyeji wa benchi hawakusogea. Walifunika kikombe kwa kiganja wakaendelea kubishana. Asubuhi hiyo Saadi hakufunika chake. Kambi ya wakata misitu ilikuwa imemkabidhi kazi ya kuwapelekea maji, naye akaigawa kwa wasukuma mikokoteni, Bernardo na wenzake. Sasa maji yalikuwa yanafika yananuka, na msimamizi wa kambi alikuwa amesema wazi: yakinuka tena leo, kazi inakwenda kwa tajiri wa Lindi mwenye lori.

— Bernardo ananihujumu, alisema Saadi. Nimempa kazi kwa moyo mweupe, ananifanyia hivi?

— Usimwonee, alisema Kaimu, aliyeitwa Reli kwa kuwa kila jambo kwake lilitokana na reli mpya. Wanapogonga vile vyuma, mtikisiko unapita chini kwa chini. Maji yanachafuka roho.

— Reli iko kule, kisima ninachochotea kiko huku.

— Chini ya ardhi hakuna kule wala huku, bwana.

Yunusi, aliyewahi kufagia zahanati ya Mnero na tangu hapo akaitwa Daktari, alitikisa kichwa.

— Ni pua zao. Kutwa wanatafuna karanga, mafuta yanapanda kichwani. Mpe mtu wa namna hiyo marashi, atakwambia yananuka.

— Na msimamizi? Yeye hali karanga.

— Anazilima. Hiyo mbaya zaidi.

— Nyie hamjui kitu, alidakia Awadhi na buli lake mkononi. Ile miti waliyoing'oa ilikuwa na wenyewe. Mashetani wamekosa kivuli, wamehamia mapipani. Hata ningekuwa mimi, ningechagua pipa la Saadi, lina ubaridi.

— Wewe mimina kahawa, alisema Saadi. Mimi si mjinga. Kila asubuhi nasimama kisimani, na kila anayesukuma anakunywa kata nzima mbele ya macho yangu ndipo aondoke. Maji matamu. Haya, nionyesheni mchawi.

Mwanamume mmoja mwenye furushi begani alikuwa amesimama kando, akisubiri nafasi ya kusema.

— Asalamu aleikum. Naitwa Amiri, natoka Nandagala. Nimeambiwa Bwana Saadi anatafuta wasukumaji.

— Kesho huenda kazi yenyewe isiwepo. Lakini sharti langu umelisikia: unaonja kisimani.

— Nimesikia, kaka. Kwetu pia, anayemletea mgeni maji hunywa kwanza, mgeni akimwona. Sasa mimi kule kambini nitakunywa mbele ya nani?

Saadi akamkumbuka mama yake. Hata yeye hakuwahi kuonjea kisimani. Alionja mbele ya mgeni. Saadi aliweka kikombe, akaondoka, Amiri nyuma yake.

Langoni mwa kambi walimkuta Bernardo na mkokoteni wa mapipa mawili, mpishi na sufuria lake, na msimamizi amekunja mikono. Saadi akachota kata kwenye pipa la kwanza, akanywa mbele ya wote. Harufu ya mafuta ya trekta ikampanda puani.

— Pipa hili umelitoa wapi?

— Letu moja lilitoboka, bwana. Shemeji akaniazima la karakana ya matrekta. Nililisuuza.

— Mbona hukuniambia?

— Wewe ulitaka nionje kisimani. Nimeonja kisimani.

Saadi akamwaga chini maji yaliyobaki katani.

— Limwage. Kosa ni la sharti langu.

Akamgeukia msimamizi.

— Kuanzia leo kila pipa litaonjwa na msukumaji hapa, mbele ya mpishi wako. Akilikataa linarudi, na hasara ni yangu, si yako wala ya Bernardo.

— Na hilo la pili? aliuliza msimamizi.

Amiri alikwisha kuichukua kata. Akanywa, akachota tena, akampa mpishi kwa mikono miwili. Mpishi akanusa, akanywa kidogo, kisha akaimaliza yote. Akasogeza sufuria karibu na pipa.