Kiti cha Pikapu

BREKI: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Siku hizi hata namba yangu huijui?

BREKI: Ah, Dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Uko wapi?

BREKI: Mtandao hu— [mkwaruzo] —sikusikii vizuri.

DADA: Mimi nakusikia. Nasikia na injini. Uko wapi, Breki?

BREKI: Tumeshatoka, Dada. Nilipita kwako nikagonga. Nikagonga tena. Nikasema huyu kalala, kachoka na ile cherehani yake, tusimsumbue—

DADA: Uligonga mlango gani? Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini tangu majogoo, begi mapajani. Labda uligonga paji la uso wangu na mimi sikusikia.

BREKI: Dada, mimi—

DADA: Nimengoja mpaka jua likanifika magotini. Nikaja hapa karakana kwa miguu. Pale pikapu ilipolala nimekuta doa la oili na mlinzi anakunywa chai. Nimemuuliza, anasema mliisukuma mpaka barabarani ndipo mkaiwasha. Nikamwambia wanabana mafuta hao, si unajua shida ilivyo. Akanitazama akanionea huruma. Mlinzi, Breki. Yule asiyemwonea huruma hata paka.

BREKI: Ni kweli tulikuwa tunabana mafuta.

DADA: Mlisukuma. Wewe na nani?

BREKI: Dada, naendesha, barabara ni mashimo ma—

DADA: Pikapu ina kiti chako na kiti kimoja pembeni. Hicho cha pembeni ni changu. Nani amekikalia?

BREKI: Nitakupigia tukifika mpakani.

DADA: Ukikata, napiga kwa mdogo wetu huko huko anakomuuguza Mama, nimwambie kaka yake ni mtu wa namna gani. Tulikubaliana nini? Jerikeni hazivuki mpaka, na ng'ambo nako vituo ni vikavu, kwa hiyo kila anayesafiri anamimina yake kwenye tangi kabla hatujaondoka. Aliyemimina ndiye anayepanda. Nani alimimina jana jioni, kitambaa puani, wewe umeshika mpira?

BREKI: Ni wewe.

DADA: Nimewashonea wale wa kituoni ovaroli zao zote, bure, macho yakaniuma, ili nipate jerikeni moja ya petroli ya kwenda kumwona mama yangu. Sasa petroli imesafiri, mimi nimebaki na mlinzi. Kosa langu ni kumimina. Ningeilalia kama mto.

BREKI: Usiseme hivyo.

DADA: Niseme vipi? Nifundishe. Kwa nini hukuniambia nikae nyuma na lile godoro jipya la Mama?

BREKI: Mpakani hawaruhusu mtu kukaa nyuma. Wangetushusha sote, tu—

[Mtu anakohoa karibu na simu. Kikohozi kikavu, mara mbili, kisha anasafisha koo.]

BREKI: Haloo? Dada? Umekatika?

DADA: Sijakatika. Hicho kikohozi nimelala nacho miaka, Breki.

BREKI: Dada, nisikilize—

DADA: Umempakia Mwalimu.

BREKI: Alikuja na jerikeni zake mbili. Za basi la shule. Bila hizo tusingefika, yako peke yake inaishia njiani, hesabu yenyewe—

DADA: Hesabu ilikuwa inatosha jana. Uliniambia mwenyewe, umelala chini ya gari, tutafika na ya kubaki. Umempakia mume niliyemwacha. Kwenye kiti changu, kwa petroli yangu, anakwenda kwa mama yangu.

BREKI: Sikutaka mimi.

DADA: Walikuita Breki ukiwa mtoto kwa sababu ulikuwa hujui kusimama. Hata leo hujajua. Nani alitaka?

BREKI: [pumzi] Mama.

DADA: Sema tena, kuna upepo.

BREKI: Umesikia. Mdogo wetu alipiga juzi. Anasema Mama kamwambia hivi: niletewe mkwe wangu nimuage, yule mwanamke aliyemwacha mtu mzuri vile asinikanyagie mlango. Ningefanya nini? Mgonjwa wa kufa kasema. Nikaona nikikwambia utaumia. Heri unichukie mimi.

DADA: Basi umefanikiwa.

[Mkwaruzo.]

DADA: Bado upo?

BREKI: Nipo.

DADA: Yeye anasikia?

BREKI: Anatazama dirishani.

DADA: Mtu mzuri. Nani alinipeleka hospitali kwa pikipiki siku ile, mkono unaning'inia kama wa shati?

BREKI: Mimi.

DADA: Nani aliukuta mlango wangu umetoka kwenye bawaba zake?

BREKI: Dada, mambo ya zamani haya—

DADA: Mkono wangu si wa zamani. Nashona nao kila siku, ukipinda kola unaniuma. Sikumwambia Mama kwa sababu alikuwa anampenda, na mtu hapendi kuonyeshwa kuwa kapenda vibaya. Nikasema nitamwambia nikikaa naye uso kwa uso. Nilikuwa nakwenda kumwambia. Sasa utamwambia wewe.

BREKI: Mtu anakufa, Dada.

DADA: Ndiyo maana. Shida ya mafuta itakwisha, Mama hatarudi. Mwambie ulichokiona kwa macho yako, basi. Maneno mawili. Afe ananijua.

BREKI: Nitaona.

DADA: Usione. Sema utamwambia.

BREKI: Dada, kuna kizuizi mbele, polisi wana— [mkwaruzo] —nitapi—

DADA: Breki. Breki.

[Simu imekatika. Simu ya pili ikapigwa baada ya mazishi.]

DADA: Haloo.

BREKI: Shikamoo, Dada.

DADA: Marahaba. Sema.

BREKI: Mdogo wetu alikutumia ujumbe?

DADA: Alinitumia. Nilisoma. Mlifika akiwa hai?

BREKI: Alikuwa hai. Alikuwa anaongea vizuri kabisa.

DADA: Alimfurahia huyo mgeni wenu?

BREKI: Mwalimu alimwamkia, Mama akaitikia. Hakumtazama sana. Kisha akaniuliza, dada yako yuko nyuma na mizigo? Akasema nenda kamshushe, atakuwa amechoka, mpe maji kwanza.

DADA: Aliyesema nisimkanyagie mlango?

BREKI: Huyo huyo. Mdogo wetu anasema alilisema siku moja, kwa hasira, maumivu yamemzidi. Hakulirudia. Sisi ndio tukalishika.

DADA: Ukamjibu nini?

BREKI: Mwalimu alikuwa amesimama pale pale, Dada, mkono wake uko kwenye kitanda.

DADA: Ukamjibu nini, Breki?

BREKI: Nikamwambia mafuta hayakutosha.

DADA: Akasemaje?

BREKI: Akageukia ukutani. Hakuniuliza tena kitu. Kesho yake asubuhi akakata roho.

DADA: Kwa hiyo hukumwambia.

BREKI: Sikumwambia.

DADA: Haya.

BREKI: Nitukane basi. Usiseme haya.

DADA: Nikutukane nipate nini? Wengine wako wapi?

BREKI: Mama tumemlaza nyuma ya nyumba, kando ya baba yake. Mwalimu ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Alilia, watu wakamshika. Kisha akapata lori akarudi, yuko shuleni kwake anafundisha. Mdogo wetu amefunga nyumba, kahamia kwa wakwe zake. Godoro jipya kalichukua, Mama hakulilalia. Pikapu iko nje ya karakana moja hapa mjini, tangi kavu. Naosha injini za watu nipate chakula mpaka petroli ipatikane. Ndiyo hivyo. Na wewe?

DADA: Mimi nimehama chumba. Cherehani iko mahali pengine, kola nampelekea mtu mwingine anipindie. Namba hii naiacha leo.

BREKI: Nikirudi nitakupata wapi?

DADA: Kata simu, unamaliza salio.