Mashine ya Baba Yenu Isirudi Ndani

Sogezeni viti vyenu hapa kitandani, wanangu, na wewe Violet endelea kunishika mgongo nisilale, kwa sababu nina maneno ya kuwaachia na nataka niyaseme mwenyewe nikiwa na akili zangu, yasije yakasemwa na watu wengine baada yangu, kila mmoja anavyotaka yeye. Msinikatize. Mkitaka kulia mtalia baadaye, siku za kulia zitakuwapo nyingi tu. Leo mimi nina furaha, msiniharibie.

Asubuhi hii nimeisikia mashine ya boti ya baba yenu ikiunguruma kwenye pipa la maji pale kando ya zizi, moshi umejaa migombani hadi mtu angedhani jikoni kunaungua, na kwa dirisha hili nimekuona wewe Jovin, mtu mzima na mvi zako, unarukaruka, na wewe Thadeus umemshika kaka yako shingo mnacheka. Ng'ombe amekata kamba kwa ule mlio, ameingia kwenye shamba la jirani, na hakuna aliyemfuata. Nimecheka mpaka nikakohoa. Ndipo nikamwambia Violet awaite, na simu yake aiweke hapa kwenye mto inase sauti yangu, wajukuu waje wasikie mambo haya kwangu na si kwa majirani. Kwa hiyo nitasema hata yale mnayoyajua. Vumilieni.

Baba yenu Leodegar alizaliwa hapa Uru, kwenye kahawa na migomba, na maji aliyoyajua yeye ni ya mfereji unaopita kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, ambayo ng'ombe anayavuka bila kulowa tumbo. Bei ya kahawa ilipoanguka akashuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu kununua samaki wa kuja kuuza huku juu, akayaona yale maji, na akili yake ikabaki huko huko. Siku moja akarudi akaniambia amenunua boti. Nilimshika paji la uso nikidhani ana malaria. Watu walicheka, walisema Mchagga gani huyo, lakini ile boti ilivusha watu na magunia na mbuzi, na ndiyo iliyowasomesha nyote watatu, msije mkasahau. Na kwa kuwa aliogopa wezi wa kule bwawani, kila alipomaliza kazi aliifungua mashine, akaipandisha kwenye gari hadi barabarani hapo chini, akaibeba begani hadi chumbani, akaiegemeza ukutani upande wa kitanda. Wanawake wenzangu walilia na wake wenza wao. Mimi mke mwenza wangu alinuka petroli, na alipigwa kitambaa kila Jumapili kabla ya misa, wakati viatu vyangu vimejaa vumbi na hakuna anayeviona.

Alipofariki na matanga yakaisha, wazee wa ukoo walikaa, Mzee Eliufoo akiwa msemaji, wakagawa kama ilivyo kwetu tangu zamani. Mtoto wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi na kila kilichomo ndani yake, na mkubwa, ambaye alishakatiwa kihamba chake, anachukua cha nje. Kwa hiyo wakasema nyumba ni ya Thadeus nitakapokuwa sipo. Boti iko bwawani, hicho ni cha nje, ni ya Jovin. Na mashine, kwa kuwa siku ile ilikuwa imeegemea ukuta wa chumba changu, wakasema hicho ni kitu cha ndani, ni cha Thadeus. Wakaona wamemaliza. Wakanywa mbege yangu, wakala mbuzi wangu, wakaenda zao wameridhika kabisa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga boti maishani mwake, wangejuaje kwamba wamegawa ng'ombe mmoja, huyu kachukua mbele na huyu kachukua nyuma, halafu wanangoja maziwa? Mzee Eliufoo simchukii tena. Alifuata mila alivyoijua. Akija kwenye msiba wangu mpeni kiti na mumpe kata ya mbege, ila msimpe nafasi ya kugawa kitu chochote.

Wewe Jovin ulikuja kuitaka mashine kama mtu anayefuata jembe alilosahau, hata shikamoo yangu uliisema ukiwa unatazama ukutani. Na wewe Thadeus ukamjibu alete kwanza boti hapa tuione. Boti, iletwe Uru, ije ielee kwenye mfereji. Akakwambia umerithi nyumba basi kaa ndani yake. Ukamwambia naye amerithi boti basi akapige kasia. Maneno ya kitoto, na mlikuwa watu wazima wenye wake. Lakini kuanzia siku ile hamkusalimiana. Nyumba zenu zinatazamana, katikati kuna ua wa isale tu, yale majani yetu ya kuombana msamaha, na mkikutana njiani mmoja anajifanya anasikiliza simu. Krismasi zikija, watu wote wanapanda kutoka Dar na Arusha kuja nyumbani, kila boma linachinja, sisi tulichinja mbuzi wawili. Mmoja huku, mmoja kule. Naletewa bakuli la kisusio, mchuzi wa damu ya mbuzi, kutoka upande huu, kabla sijamaliza linakuja la upande ule, na nyote mmesimama mlangoni kwa zamu kuangalia kama nitamaliza lako nikaacha la mwenzako. Niliyamaliza yote. Nilimeza na machozi humo humo, na nikawaambia limekolea chumvi vizuri.

Boti ikaozea bwawani, imepinduliwa, kuku wa watu wanatagia chini yake. Mashine ikaota kutu chumbani kwangu. Aliyeona aibu ya jambo hili ni mmoja tu, huyu hapa nyuma yangu, kwa sababu ameolewa kule bwawani na kila siku anapita pale akienda kununua samaki. Violet hakupewa kitu na wazee, hakuitwa hata kikaoni, na ndiye aliyetafuta fundi, akang'oa mbao zilizooza, akatia mpya, akaziba nyufa zote, akapaka rangi ya kijani kama ile ya baba yenu, na hakumuomba ruhusa mtu yeyote. Kisha akanipigia simu. Akasema, mama, boti imesimama, inangoja mashine. Hiyo ilikuwa wiki ile ile niliyotoka hospitali, daktari ameshaniambia figo zangu zimechoka na mimi nimeshamwambia nirudi nyumbani kwangu.

Wanangu, kufa sikukuogopa, nina miaka mingi na nimeona vya kutosha. Nililoogopa ni kufa ninyi mkiwa hivyo. Nilikuwa nauona msiba wangu, maturubai mawili, masufuria mawili, waombolezaji wa Jovin huku na waombolezaji wa Thadeus kule, na mimi nimelala katikati sina wa kumwambia aniondoe hapo. Hilo lilininyima usingizi kuliko maumivu yenyewe.

Basi nikafikiri. Nikajiambia, Magdalena, nyumba hii bado ni yako, hujafa. Kama mashine ni ya huyu au ya yule kwa sababu ya mlango tu, mlango unao wewe. Nikawaita vijana wawili wa bodaboda, nikawaambia waibebe waitoe nje, waiweke pale kwenye nyasi mbele ya ua wa isale, mahali ambapo si ndani ya nyumba ya Thadeus na si kwenye kihamba cha Jovin. Mkaja mbio kila mmoja kwa wakati wake kuniuliza nani ameitoa. Nikawajibu mimi, na mtu asiiguse. Siku hiyo mlidhani ugonjwa umenipanda kichwani, nilimsikia mke wako Thadeus akisema jikoni.

Na ilikuwa masika. Mawingu yakashuka kutoka mlimani, nikakaa kwenye dirisha hili na rozari mkononi, na siwadanganyi, sikusali hata punje moja, nilikuwa natazama nyasi. Mvua ikaanza. Nikaona matone yanaipiga ile mashine, na moyo wangu unaniambia umeiua mali ya marehemu kwa ukaidi wako. Hakuna mtu aliyetokea. Mvua ikakaza. Nikasema basi, imekwisha, nimezaa mawe. Ndipo nikamwona Jovin anatoka kwake anakokota turubai la jumuiya, na kabla hajafika, Thadeus akatoka mlango wa jikoni na gunia kichwani. Mkakutana pale. Mkasimama mmelowa. Kisha Thadeus ukasema, "Shika huko." Jovin akashika. Basi, ni hilo tu, mkaifunika pamoja, mkaibeba pamoja hadi kwenye banda la kahawa. Nililia siku ile hadi Violet akapigiwa simu aje haraka. Na lile turubai, kwa sababu nimelikumbuka, lirudisheni jumuiya likiwa safi, mwenyekiti ameshaniuliza na nimemdanganya.

Mengine mnayajua vizuri kuliko mimi, ila nilikuwa nasikia yote kutoka hapa. Pistoni ilikuwa imeganda. Thadeus ukataka nyundo, Jovin akakuzuia, akasema baba alikuwa anaimwagia mafuta na kuiacha mpaka ikubali yenyewe. Ikakubali. Ringi mkazipata Himo. Kabureta ukaifungua wewe Thadeus, kwa sababu umezoea pikipiki za watu na vidole vyako vinajua vile vitobo vidogo, na kuchanganya petroli na oili akakuonyesha Jovin, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anashuka bwawani na baba yake. Nilisikiliza hayo nikaona jinsi Mungu alivyoligawa jambo hili vibaya makusudi. Hakuna kati yenu ambaye angeweza peke yake.

Na mlipoivuta kamba mara ya kwanza ikawaka, mkaanza kushangilia kama wajinga, ni nani aliyepiga kelele dirishani? Nilikuwa natazama pale ubavuni ambapo maji hutoka, na maji hayakutoka. Baba yenu aliniambia mara nyingi, mashine isipokojoa zima haraka, itaungua. Nikapaza sauti, izimeni, haikojoi, ina ugonjwa wangu. Mlicheka, halafu mkatazama chini. Msione haya, nami nilicheka. Ule mpira wa pampu ulikuwa umekauka, mkaagiza Mwanza, ukaja na basi, na leo asubuhi nimeyaona maji yale yanatoka yamenyooka vizuri. Mmoja wetu amepona. Mimi nimeridhika kabisa kwamba ni yeye.

Violet, nipe maji. Kidogo, usijaze, hata haya daktari amenipimia.

Sasa nawaachia hivi. Nyumba hii ni ya Thadeus, kama ilivyosemwa. Kipande cha kahawa cha chini, kile nilicholima mwenyewe, ni cha Jovin, na ndizi za ukingoni mle wote. Ng'ombe na ndama wake ni wa Violet, mkamtafute huko alikoingia, na mtu asimwambie kwamba binti harithi, mimi ndiye niliyemnunua ng'ombe huyo na mimi ndiye ninayemtoa. Mashine isirudi ndani ya nyumba hii. Na ya Jovin pia isiingie. Itakaa bwawani kwa Violet, kwenye stoo ya mume wake, ufunguo atakuwa nao yeye, na mkiutaka mtakwenda wawili. Akija mmoja peke yake, Violet, mpe chai arudi. Boti na mashine ni kitu kimoja, na atakayevitenganisha atakuwa ananitenganisha mimi. Wazee wakiuliza, waambieni mama aliitoa nje akiwa hai, kwa amri yake mwenyewe, na sauti yake ipo kwenye simu.

Nimechoka sasa. Ngojeni kidogo.

Kesho mshuke bwawani. Najua mnataka kukaa hapa mniangalie, sitaki kuangaliwa. Mkaifunge mashine, mvuke hadi ng'ambo, mrudi. Mkipigiwa simu mkiwa majini kwamba nimeondoka, msigeuze boti, malizeni kwanza kuvuka, ndipo mje mnizike. Karibu na baba yenu. Turubai moja. Sufuria moja. Mbuzi, chinjeni mmoja, wakilalamika hakutosha waambieni ndivyo nilivyotaka.

Sina neno na mtu. Niseme hilo vizuri lisikike. Sina neno.

Leteni mikono niwabariki, kama mama yangu alivyonibariki, nitawatemea mate kidogo, msijifute. Violet, wewe wa kwanza... Mungu akupe watu wa kukushika hivi ulivyonishika. Sasa ninyi. Lete. Lete na wewe. Macho hayaoni tena vizuri, naona giza giza tu... Hamkunawa. Mikono yote ina grisi, yote ina michubuko. Huu ni wa mkubwa... hapana. Huu hapa ndio... Ngoja niushike tena.

Siwezi kuwatofautisha, wanangu.

Nyamazeni, msiniambie.